Siku za Mfungwa si Mali ya Mkuu wa Gereza

Hakimu akimfunga mtu miaka 9, hesabu nyingine huanza jioni ile ile katika ofisi ya kumbukumbu za gereza. Sheria ya Magereza ya Kenya, Sura ya 90, inampa mfungwa wa kawaida msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake, kwa kufanya kazi na kuwa na mwenendo mwema. Wenye kifungo cha maisha hawamo. Wengine wengi wamo. Kwa hiyo 9 inakuwa 6. Tarehe ya kutoka inaandikwa kwenye kadi, na tangu hapo mfungwa anaijua kuliko siku yake ya kuzaliwa. Mama yake kijijini anaijua pia, na pengine mke ameizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya dukani.

Sasa tuseme ni mwaka wa 5. Alfajiri kuna msako wa simu. Betri inapatikana ndani ya godoro, kwenye wodi ya watu 60, na mfungwa wetu ndiye aliyekuwa amelala karibu nalo. Siku mbili baadaye anasimamishwa mbele ya meza ya mkuu wa gereza, mikono nyuma, askari huku na huku. Anasomewa kosa. Askari aliyeiona betri anasema aliiona. Mfungwa anasema godoro lile si lake, na mwenye nalo kahamishwa jana kwenda gereza lingine. Mkuu anaandika mistari miwili kitabuni. Dakika tano hazijaisha, na tarehe ya kwenye kadi imesogea mbele miezi mitatu.

Mfano huu tumeutunga sisi. Mtu aliyewahi kukaa ndani hatashangazwa na hata hatua moja yake.

Miezi mitatu ni kifungo. Aliyeiba kuku akafungwa miezi mitatu aliandikiwa hati ya mashtaka, akakabiliwa na mwendesha mashtaka, akaruhusiwa kuwahoji mashahidi, akasomewa hukumu yenye sababu mbele ya umma, na akaambiwa ana siku 14 za kukata rufaa. Huyu wa betri amepewa miezi ile ile bila lolote kati ya hayo, na aliyempa ni bosi wa shahidi pekee wa mashtaka. Waswahili walishalisema: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Gazeti hili linatoa uamuzi wake bila kuzunguka. Adhabu yoyote ya gerezani inayomwongezea mtu siku za kufungwa, au kumfungia peke yake, sharti iweze kufikishwa mbele ya jaji, na jaji akiipata aisome kwa macho ya jaji. Mahakama inayopokea ombi la mfungwa kisha ikaishia kusema kwamba nidhamu ni kazi ya wenye magereza imeikimbia kazi yake.

Mamlaka yapo, tena ya kutosha. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo ni wazi haziwezi kwenda pamoja na kufungwa. Haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa haigongani na kufungwa kwa namna yoyote. Mtu anaweza kusikilizwa akiwa ndani ya kuta nne, na huko ndiko aliko saa zote. Kifungu cha 47 kinadai kila hatua ya kiutawala iwe halali, ya busara, na ifuate utaratibu wa haki, na anayeumizwa na hatua hiyo apewe sababu kwa maandishi. Bunge likatunga sheria mwaka 2015 kukipa kifungu hicho meno. Cha 165 nacho kinaipa Mahakama Kuu usimamizi juu ya mtu au chombo chochote kinachofanya kazi inayofanana na ya mahakama. Mkuu wa gereza anasoma shtaka, anasikiliza shahidi, anatamka hatia na kutoa adhabu. Kama hiyo haifanani na kazi ya mahakama, tungependa kuambiwa inafanana na nini.

Na msamaha wenyewe si zawadi ya hisani. Sheria ya Magereza inasema mfungwa anahesabiwa msamaha wote mwanzoni mwa kifungo, kisha anaweza kuupoteza kama adhabu ya kosa la nidhamu. Siku zile ziko kwenye akaunti yake tangu siku ya kwanza. Anayezichukua ananyang'anya kitu ambacho sheria imekwisha kumpa mtu, na mnyang'anyi wa namna hiyo ana wajibu wa kueleza.

Tunajua jibu la upande wa pili, na si jibu la kipuuzi. Gereza si shule ya bweni. Simu iliyofichwa ndani ya godoro inaweza kuwa ndiyo inayompigia bibi wa watu huko kijijini kumwambia pesa zake zimetumwa kimakosa, azirudishe. Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, nchi ikakesha roho mkononi siku tatu mpaka wakakamatwa Kitui, na Kamishna Mkuu wa Magereza akapoteza kazi. Afande anayelinda wodi iliyojaa kupita kiasi, usiku, na wenzake wachache, anahitaji neno lake liwe na uzito. Wakubwa wake wanauliza: kila adhabu ikienda kwa jaji, nani atasikiliza amri?

Ila katika mkasa wa 2021 walioishia kukamatwa, mbali na watoro, ni askari wenyewe. Neno la afande lina uzito, lakini uzito si ukweli, na historia yetu imetufundisha hilo kwa damu.

Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Hola walikufa baada ya kulazimishwa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Hakimu aliyechunguza vifo ndiye aliyeyaweka maji hayo kando na kuona virungu. Miaka mitatu baadaye, 1962, ndipo sheria tunayoitumia hadi leo ikatungwa. Na Septemba 2000, chini ya bendera yetu wenyewe, wafungwa 6 waliohukumiwa kifo walikufa katika gereza la King'ong'o, Nyeri. Tukaambiwa waliruka ukuta wakitoroka, wakaanguka. Miili ilipochunguzwa ilionyesha vipigo. Kati ya maji ya Hola na ukuta wa King'ong'o kuna miaka 41, na taarifa mbili zilizoandikwa na mkono wa mlinzi, zikaaminiwa mpaka mtu wa nje alipotazama.

Mtu atasema hayo ni mauaji, na betri ni betri. Sawa. Lakini tabia ni ile ile: maelezo ya gereza kuhusu gereza yanachukuliwa kama ushahidi uliokwisha kuthibitishwa. Aliyezoea kuaminiwa katika betri ndiye huyo huyo atakayetarajia kuaminiwa katika maiti. Novemba 2008 picha za askari wakiwapiga wafungwa walio uchi ndani ya Kamiti, wakati wa msako, zilipoonyeshwa kwenye televisheni, nchi ilishtuka kwa sababu safari hii hapakuwa na taarifa ya kwanza ya kuamini. Kulikuwa na kamera. Ya simu, kwa bahati.

Wakoloni waliotuachia sheria hii walishaiacha fikra iliyo ndani yake. Mwaka 1976 wafungwa wa gereza la Hull, Uingereza, walifanya fujo kubwa. Baada ya moshi kutulia, bodi ya raia waliokuwa na kazi ya kuzuru gereza ilikaa kusikiliza mashtaka na ikawanyang'anya wafungwa mamia ya siku za msamaha. Walipokwenda mahakamani waliambiwa kwanza kwamba mambo ya gerezani hayaingiliwi. Mahakama ya Rufaa ikakataa jibu hilo. Kesi iliporudi chini mwaka 1979, majaji wakafungua mafaili na kukuta nini? Wafungwa walihukumiwa kwa maneno ya askari ambao hawakuletwa kuhojiwa. Wengine walinyimwa mashahidi wao kwa kuwa walikuwa wametawanywa magereza mengine na ingekuwa taabu kuwaleta. Majaji walisema taabu ya usafiri haimnyimi mtu utetezi wake, na hukumu kadhaa zikafutwa. Ni godoro letu lile lile, mwenye nalo kahamishwa jana.

Hatua ya pili ilichukua miaka 9. Mwaka 1988, katika kesi ya mfungwa aitwaye Leech, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho kwao enzi hizo, lilisema hata adhabu ya mkuu wa gereza mwenyewe inapitiwa na mahakama. Serikali ililia kwamba milango ya mahakama itafurika na magereza hayatatawalika. Aprili 1990 kweli gereza la Strangeways mjini Manchester liliwaka, wafungwa wakakaa juu ya paa hadi siku ya 25. Jaji Woolf alipotumwa kuchunguza chanzo, hakurudi kusema mahakama zimewadekeza wafungwa. Alirudi na neno moja alilolirudia sana: haki. Aliona kwamba mfungwa anayehisi kuonewa, tena asiyekuwa na pa kupeleka lalamiko lake, ndiye kuni kavu. Wenye hofu ya nidhamu kuvunjika wamwonyeshe Woolf alipokosea.

Na kisha Strasbourg. Oktoba 2003 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Ezeh na Connors, mmoja aliyeongezewa siku 40 na mwingine siku 7. Saba tu! Wote wawili walikuwa wamekataliwa wakili. Mahakama ilisema siku za kuongezwa ni kifungo kipya, kwa hiyo kikao kinachozitoa kinapaswa kuwa na haki zote za kesi ya jinai. Leo Uingereza mkuu wa gereza hawezi kumwongezea mfungwa siku. Kosa la uzito huo linasikilizwa na hakimu huru anayetoka nje. Sisi tumebaki tunalinda samani ambayo fundi wake alishaitupa.

Wamarekani, ambao hupenda kutufundisha sheria, wana somo la kutuonya. Mwaka 1974 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Wolff iliyotoka Nebraska, ilianza vizuri: mfungwa apewe shtaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla, aweze kuita mashahidi pale ambapo usalama unaruhusu, na apewe maandishi yanayosema ushahidi gani ulitumika na kwa nini. Miaka 11 baadaye wakaumwaga mchuzi. Huko Massachusetts askari alisikia kelele, akaingia kwenye njia yenye uzio, akamkuta mfungwa ameumizwa na wengine watatu wakiondoka mbio mbio. Hakuna aliyeona nani alipiga. Aliyepigwa mwenyewe alisema hao si waliompiga. Waliokwenda mahakamani, akina Hill, walikuwa wamepoteza siku 100 kila mmoja, na Mahakama hiyo ya Juu ikaona inatosha: maadamu kuna ushahidi kidogo tu, hata mwembamba namna gani, jaji asiguse.

Kipimo hicho tunakipinga kwa nguvu zetu zote, kwa sababu tunakiona kikibisha hodi hapa. Neno la askari mmoja siku zote ni ushahidi kidogo. Kuwa karibu na godoro ni ushahidi kidogo. Mahakama ikikubali kidogo, kilichobaki cha kupitia ni tahajia. Jaji wa Kenya ajiulize swali lililo zito zaidi: je, mtu mwenye akili timamu, akiyasikia haya ya pande zote mbili, angeweza kufikia uamuzi huu? Na kabla ya hapo: je, upande wa pili ulisikika kabisa? Alielezwa kwa lugha anayoielewa? Kijana wa Turkana aliyesomewa kosa kwa Kiswahili cha kambini, akaitikia "ndiyo afande" kwa sababu ndilo jibu linalomwepusha na kofi, hajakiri kitu.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinalisema hili bila mafumbo: mfungwa awe na nafasi ya kwenda mahakamani kupinga adhabu ya nidhamu. Zinakataza pia seli ya giza, kumpunguzia mtu chakula kama adhabu, kuadhibu wodi nzima kwa kosa la mmoja, kumfanya mfungwa kuwa nyapara wa nidhamu juu ya wenzake, na kumtenga mtu zaidi ya siku 15 mfululizo. Wanasheria wa serikali hupenda kukumbusha kwamba kanuni si mkataba. Kweli si mkataba. Lakini Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ni mkataba, tuliuridhia mwaka 1972, na unadai mfungwa atendewe utu. Mahakama inapotaka kujua utu gerezani una sura gani, haina pa kutazama palipo wazi kuliko hapo.

Kuna mtego mwingine, wa kimya zaidi. Sheria ya 2015 inamtaka mlalamikaji amalize kwanza njia za ndani kabla ya kwenda kwa jaji. Kwa mfanyabiashara aliyenyimwa leseni, hilo ni jambo la busara. Kwa mfungwa, njia ya ndani ni barua anayompa askari yule yule aliyemshtaki, aipeleke kwa mkuu yule yule aliyemhukumu, aipandishe kwa wakubwa wa idara ile ile. Ikifika, ikajibiwa, siku 14 za kutengwa zimekwisha zamani, na wakili wa serikali anasimama kortini na uso mkavu kusema shauri limepitwa na wakati. Sheria hiyo hiyo inamruhusu jaji kumwondolea mtu sharti hilo katika hali ya kipekee. Seli ya kutengwa ni hali ya kipekee. Majaji waseme hivyo mara moja, katika hukumu moja iliyoandikwa vizuri, ili kila wa baadaye asianze upya. Na barua ya mfungwa iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari ipokelewe. Kifungu cha 22 kinaruhusu malalamiko ya haki kuletwa hata kwa maandishi yasiyo rasmi, bila ada.

Tusiwasahau askari. Aprili 2008 waligoma kwa ajili ya marupurupu na makazi, na nyumba walizokuwa wakilalia ziliwaaibisha waliozitembelea. Askari huyo akifukuzwa kazi kwa kikao cha nidhamu cha dakika tano, anajua pa kwenda: Mahakama ya Ajira, ambako jaji atauliza kama alipewa shtaka, kama alisikilizwa, kama aliandikiwa sababu. Ana haki kabisa ya maswali hayo. Tunachouliza ni kwa nini maswali yanayomlinda anayeshika funguo yaonekane anasa yanapomhusu aliye upande wa pili wa kufuli.

Yafuatayo tunayataka, na hatuoni sababu ya kusubiri tume. Bunge liondoe mikononi mwa wakuu wa magereza mamlaka ya kunyang'anya siku za msamaha, limpe hakimu anayefika gerezani kwa ratiba. Mpaka hapo, siku zilizonyang'anywa zisihesabiwe wakati ombi la mapitio likiwa mahakamani. Kama mfungwa atashindwa, zitakuwepo bado. Shtaka liandikwe, lipewe mhusika siku moja kamili kabla, na sababu za uamuzi zitoke kwa maandishi yanayosomeka. Wafungwa waliopewa mafunzo ya usaidizi wa kisheria, ambao katika magereza ya Kamiti na Lang'ata wamekwisha kuonyesha wanachoweza, waruhusiwe kukaa kando ya mwenzao mbele ya meza ile. Hawa hawagharimu shilingi.

Kuna jambo moja lisilohitaji sheria mpya wala bajeti. Majaji na mahakimu wetu huzuru magereza. Hupokewa kwa gwaride, hutazama jikoni, huonja ugali, husikiliza kwaya, kisha hukaa na mahabusu wa kesi ndogo ndogo na kuwaachilia baadhi, na ni kazi njema. Kila gereza lina kitabu ambamo adhabu zinaandikwa. Jaji atakayezuru Shimo la Tewa au King'ong'o mwezi huu akiombe hicho kwanza, kabla ya kwaya, akifungue ukurasa wowote, kisha aagize aletewe mtu mwenye jina lililoandikwa pale.